Tusimsingizie Mungu: Ardhi Ina Hesabu Zake



Kila masika yanapofika, simu zetu huku ugenini huanza kulia usiku. Ukuta wa fulani umeanguka. Kilima kimeshuka na nyumba tatu. Ghorofa ya jirani imepasuka toka juu hadi chini. Zinafuata picha, zinafuata rambirambi, inafuata michango, na mwisho inakuja ile kauli tuliyoizoea: kazi ya Mungu haina makosa. Kiongozi anaisema akiwa amevaa buti kwenye matope, na sisi sote tunaitikia. Kisha jua linawaka, matope yanakauka, tunajenga tena palepale.

Leo nataka kuipinga kauli hiyo, na wala sipingi imani ya mtu. Ni kweli kazi ya Mungu haina makosa, na ndiyo maana ardhi aliyoiumba inafuata kanuni zilezile Dar es Salaam, Kampala na huku Cardiff ninakoishi. Kanuni hizo zinajulikana kwa zaidi ya miaka 250. Zinapimika. Nyumba inapoteleza na watoto ndani yake baada ya sisi kukataa kupima, tusimpelekee Mungu lawama zilizo zetu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Kazi yangu ni ufundi wa maabara ya udongo. Kila siku naletewa sampuli kutoka viwanja vya watu, nazibana kwenye mashine, nazisukuma mpaka zikatike, naandika namba. Ndiyo kazi inayonilisha. Lakini nilipojenga nyumba ya familia Dar es Salaam, kati ya mwaka 2009 na 2011, sikupima chochote. Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa bonde. Fundi aliukata upande wa juu, akatumia udongo uleule pamoja na kifusi kujaza upande wa chini, akasawazisha, akashindilia kwa miguu na maji, akaanza msingi. Nilimuuliza kwenye simu ardhi ikoje. Akanijibu, "Bosi, hapa ni pagumu kama chuma, sururu inaruka." Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi. Nikaridhika. Gharama ya kupima udongo niliyotajiwa ilikuwa pungufu ya bei ya geti la chuma nililoagiza. Nikachagua geti.

Masika ya 2018, nusu ya nyumba iliyokaa juu ya jaza ilianza kushuka kuelekea bondeni. Ufa ulipita katikati ya sebule, sawasawa na mstari ule ambapo udongo wa asili uliishia na jaza likaanza. Usiku wa pili ukuta wa nyuma uliangukia jikoni. Mama na watoto wa mdogo wangu walikuwa wameshatolewa, hakuna aliyeumia. Mama akaniambia kwenye simu, "Kazi ya Mungu, mwanangu." Nilishindwa kumjibu, kwa sababu mimi nilikuwa najua ni kazi ya nani.

Sasa niwaeleze kwa lugha ya kawaida nilichokuwa nakijua na nikakipuuza.

Wengi tunadhani ardhi ikizidiwa na mzigo hubonyea tu, kama godoro. Kubonyea kupo, lakini sicho kinachoangusha majengo kwa ghafla. Ardhi inaposhindwa kabisa, inashindwa kwa kuteleza: pande moja la udongo linakatika na kuserereka juu ya pande jingine. Kanyaga matope ukiwa pekupeku, utaona. Mguu unashuka, na matope yanachomoza kati ya vidole na pembeni. Ndivyo msingi unavyozama: udongo wa chini unasukumwa pembeni kisha unapanda juu kando ya jengo. Kwenye mteremko ni jambo lilelile, ila hapo mzigo ni uzito wa kilima chenyewe. Kinakatika kwa umbo la upinde, kama aliyechota uji kwa kijiko.

Kwa hiyo swali la kuiuliza ardhi linahusu ina uwezo kiasi gani wa kukataa kuteleza. Ugumu wake kwa sururu ni jambo jingine. Mwaka 1773 Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amejenga ngome kisiwani Martinique, aliwasilisha andiko lililoonyesha kwamba uwezo huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni mshikamano, yaani kule kunatana kwa udongo wa mfinyanzi hata usipoubana. Ya pili ni msuguano wa chembe kwa chembe, ambao unaongezeka kadiri chembe zinavyobanwa pamoja. Mchanga mkavu hauna mshikamano, una msuguano tu. Ndiyo maana fungu la mchanga, au la maharage sokoni, halikubali kusimama wima. Mwaga utakavyo, litajipanga kwa mteremko wake uleule. Kwa mchanga mkavu mteremko huo huwa karibu nyuzi 30 hadi 35.

Hapo bado maji hayajaingia, na maji ndiyo mwuaji mkuu. Karl Terzaghi, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Istanbul, ndiye aliyeifungua siri hiyo katika miaka ya 1920, na kitabu chake cha 1925 ndicho kilichoanzisha elimu hii ya udongo kama tunavyoijua. Alionyesha kwamba kinachoupa udongo nguvu ni ule mbano unaofika kwenye chembe zenyewe, baada ya kutoa msukumo wa maji yaliyomo kati ya chembe hizo.

Mlioko Ulaya na Marekani nendeni dukani mkashike pakiti ya kahawa ya kusaga iliyonyonywa hewa. Ngumu kama tofali! Ndani yake ni unga mtupu. Hewa ya nje ndiyo inayoubana. Itoboe kwa sindano, hewa iingie, na kwa sekunde moja tofali linakuwa mfuko laini. Kahawa ni ileile, haijapungua hata punje. Kilichoondoka ni mbano. Maji yakijaa ardhini yanafanya kazi ya ile sindano: yanazisukuma chembe ziachiane.

Tupige hesabu ndogo. Chukua mahali penye kina cha mita 3. Udongo una uzito wa takriban tani 2 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo pale chini kila mita ya mraba inabanwa na tani 6. Mvua ikinyesha mpaka ardhi ikajaa maji hadi juu, maji yale yanasukuma kwa tani 3 kwa kila mita ya mraba. Kinachobaki kuzibana chembe ni tani 3. Nusu ya msuguano imekwenda, na nyumba haijaongezwa hata tofali moja. Sasa utaelewa kwa nini fundi wangu hakunidanganya aliposema sururu inaruka mwezi wa nane. Alisema kweli ya Agosti. Nyumba ilipaswa kusimama hadi Aprili.

Na mimi niliongeza kosa langu. Shimo la maji machafu lilichimbwa upande wa juu wa jaza, kwa hiyo kila siku, masika na kiangazi, nyumba yangu ilikuwa inaunywesha udongo uliokuwa umeibeba.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya nchi maskini. Hapana. Tarehe 18 Oktoba 1913, pale Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, ghala la nafaka la kampuni ya reli ya Canadian Pacific lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na mapipa 65 ya zege, likiweza kubeba busheli milioni 1. Mchana ule lilianza kuzama, karibu sentimita 30 ndani ya saa moja, kisha likaanza kulala upande mmoja. Baada ya siku moja lilikuwa limeinama karibu nyuzi 27. Zege lenyewe halikuvunjika. Ghala zima lilikuwa limelala kama mlevi, kwa sababu ardhi iliteleza chini yake.

Je, hawakupima? Walipima, lakini karibu na juu, na juu palikuwa na mfinyanzi mgumu. Miaka ya 1950 watafiti walipochoronga mashimo marefu walikuta kwamba chini ya ule mgumu kulikuwa na mfinyanzi laini zaidi. Msingi mdogo wa majaribio unasumbua udongo wa juu tu, ilhali jengo pana linafikisha uzito wake chini sana. Ghala liliinuliwa mwaka 1914 na kuwekwa juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba. Funzo ni kwamba kupima juujuu ni sawa na kutopima, na pengine ni kubaya zaidi, kwa sababu kunakupa cheti cha kujidanganyia.

Lakini mfano unaoninyima usingizi uko karibu yangu. Kutoka hapa Cardiff hadi kijiji cha Aberfan ni kama nusu saa kwa gari. Juu ya kijiji hicho shirika la umma la makaa ya mawe, National Coal Board, lilikuwa likimwaga mabaki ya mgodi mlimani. Lundo namba 7 lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi za maji. Mwaka 1963 na 1964 kulikuwa na barua kutoka kwa halmashauri ya mji kuhusu hatari ya taka zile zilizokuwa nyuma ya shule. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 lundo lililojaa maji liliteleza, likageuka uji mzito, likaifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto.

Sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo siasa inapoingia. Mwenyekiti wa shirika lile alijitetea kwamba chemchemi ile haikuwa ikijulikana. Yaani kazi ya Mungu, kwa maneno mengine! Tume ya uchunguzi ilikaa siku 76, ikasikiliza mashahidi 136, na ripoti yake ya Agosti 1967 ikasema wazi kwamba lawama ni ya shirika lile. Maji yale yalikuwa yakijulikana. Yalikuwemo hata kwenye ramani. Hata hivyo hakuna aliyeshitakiwa, wala hakuna aliyefukuzwa kazi. Tena, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka kwenye mfuko wa rambirambi ili kusaidia gharama za kuondoa malundo yaliyobaki juu ya vichwa vya wafiwa. Fedha hizo hazikurudishwa hadi mwaka 1997.

Nawasimulia haya ili tusiwaone Wazungu kama malaika wa uwajibikaji. Nao walijaribu kumsingizia Mungu. Tofauti ni kwamba palikuwa na ramani na barua za kuwaumbua, na mwaka 1969 Bunge lao lilitunga sheria ya usalama wa malundo ya migodi. Kumbukumbu ziliwapa wafiwa silaha. Sisi silaha hiyo hatujajiundia.

Turudi kwetu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi nje kidogo ya Kampala liliporomoka juu ya makazi ya watu. Walikufa zaidi ya watu 30. Dampo lile lilikuwa likipokea taka za jiji tangu 1996 na lilikuwa limeshajaa. Ni Aberfan tena, ila badala ya mabaki ya makaa ya mawe zilikuwa taka zetu. Lundo linapandishwa juu, mteremko unazidi kuwa mkali, maji yanaingia, chembe zinaachiana, na chini yake wanaishi watu. Nani aliyekuwa na haki ya kushangaa?

Na Hanang, Desemba 2023? Pale nakubali maumbile yalikuwa na sehemu kubwa. Ubavu wa mlima ulilowa kwa mvua, ukakatika, ukageuka mto wa matope uliopita Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hakuna fundi aliyeuanzisha ule mporomoko. Lakini hata mlima una dalili zake, na njia ambayo maji na matope hupita inaweza kuchorwa kwenye ramani kabla ya watu kujenga. Vilevile niwe mkweli kwamba si kila jengo linaloanguka limeangushwa na ardhi. Zege bovu, nondo chache na ghorofa zinazoongezwa kinyemela ni magonjwa mengine. Ila hata magonjwa hayo yana mzazi mmoja na hili ninalolisema: kibali kinachotolewa bila mtu kuangalia kinachobebwa na kinachobeba.

Najua pingamizi zinazokuja, nizijibu mapema.

La kwanza: "Babu zetu walijenga bila kupima." Kweli, na walijenga nyumba za miti na udongo, nyepesi, ambazo zikipata ufa zinakandikwa upya. Sakafu moja ya nyumba ya zege, pamoja na kuta zake, ina uzito wa takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ghorofa nne ni tani 4. Uzito huo wote unakusanywa na kuta na nguzo hadi kwenye misingi myembamba, ambako unaweza kufika tani 15 au 20 kwa mita ya mraba. Babu hakuwahi kuitwisha ardhi mzigo huo. Tena babu alichagua mahali. Wasukuma waliijua mbuga ya udongo mweusi, inayovimba ikilowa na kupasuka ikikauka, na wakaipa mazao, nyumba wakazipeleka penye mchanga na mawe. Sisi leo tunauziana viwanja kwenye udongo mweusi huohuo, kuanzia Shinyanga hadi kingo za Nairobi, tunapiga picha, tunatuma "location" na tunapongezana.

La pili: "Kupima ni ghali." Kwa nyumba ya ghorofa gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na marumaru, na kwangu ilikuwa ndogo kuliko geti. Vipimo vyenyewe si uchawi. Kimoja kinachotumika dunia nzima ni nyundo ya kilo 63.5 inayodondoshwa kutoka sentimita 76, na unahesabu mapigo mangapi yanahitajika kuusukuma mrija sentimita 30 ndani ya udongo. Shimo linachorongwa, sampuli zinapelekwa maabara, udongo unabanwa na kukatwa, maji yanapimwa yako kina gani. Kisha mhandisi anachukua mzigo unaoweza kuiangusha ardhi ile na, kwa kawaida, anaugawa kwa 3 ili ibaki akiba ya usalama. Ndiyo namba anayopewa mchora ramani. Asiyepima anagawa kwa namba gani?

La tatu ndilo zito: "Ukiweka sharti jingine umeongeza mlango mwingine wa rushwa." Hapa siwezi kubisha kwa maneno matamu. Ramani iliyopitishwa kwa nyumba yangu ilikuwa ya nyumba ya mtu mwingine, imebadilishwa jina tu, na kibali kilitoka. Hakuna aliyefika kuuona mteremko. Nikisema leo kila mtu alete ripoti ya udongo, kesho zitauzwa ripoti za kunakili kama zinavyouzwa ramani. Kwa hiyo sharti peke yake halitoshi. Dawa yake ni uwazi.

Uingereza, Idara ya Jiolojia imeweka kumbukumbu za mashimo zaidi ya milioni 1 yaliyochorongwa nchini, na nyingi kati ya hizo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye mtandao. Ukitaka kununua kiwanja unaangalia jirani zako walikuta nini chini ya ardhi. Fikirieni jambo hilo kwetu. Kila barabara, kila daraja, kila shule, kila jengo la serikali linalofanyiwa uchunguzi wa udongo linalipiwa kwa kodi za wananchi au kwa mikopo ambayo wananchi watailipa. Taarifa zile ni mali yao. Zikiwekwa wazi kwenye ramani moja, anayeghushi ataumbuliwa na shimo la jirani: haiwezekani upande huu wa barabara iwe mfinyanzi laini wa mita 6 na upande wa pili, kwenye karatasi yako, uwe mwamba.

Basi mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, kibali cha jengo lolote la ghorofa, na cha nyumba yoyote inayojengwa kwenye mteremko, bondeni au juu ya jaza, kisitolewe bila ripoti ya udongo yenye jina na namba ya usajili wa mhandisi, mahali mashimo yalipochorongwa na kina cha maji. Pili, ripoti hiyo iwe hati ya wazi, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma ipewe sheria na fedha za kuzikusanya na kuzichapisha zote. Kenya na Uganda nako wawajibishe taasisi zao hivyohivyo. Tatu, mwenye nyumba ndogo ya chini, mkulima au mama lishe, asibebeshwe gharama hii. Kwake halmashauri itoe ramani ya maeneo ya hatari, iliyobandikwa ofisi ya mtaa, na isiuze wala kupima viwanja humo. Anayestahili kuulizwa kwa nini mtu yuko bondeni ni aliyemmilikisha kiwanja, kabla ya kumuuliza aliyekinunua.

Nne ni sisi wa ughaibuni. Tusijifiche nyuma ya serikali. Fedha nyingi zinazopandisha ghorofa za haraka mitaani ni zetu. Sisi ndio tunaosema, "Nakuja Desemba, nataka nikute paa." Hatujui kwamba udongo wa mfinyanzi ukitwishwa mzigo kwa haraka, maji yaliyomo hayapati muda wa kutoka, yanabeba mzigo yenyewe na chembe hazikazani. Huenda ukahitaji miezi, hata miaka, kujikaza. Haraka yetu ni sehemu ya ugonjwa. Mwenye fedha akisema "bila ripoti situmi hata senti", fundi atatafuta ripoti. Vyama vyetu vinavyochangia misiba vichangie pia kumlipa mhandisi wa kukagua viwanja vya wanachama kabla msiba haujatokea.

Na kwa mliokwisha jenga, tazameni dalili. Ufa wa upinde ardhini upande wa juu wa mteremko. Mbenuko wa udongo upande wa chini. Miti na nguzo za umeme zinazoanza kuinama upande mmoja. Maji yanayochimbuka pasipokuwa na chemchemi. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri ikaanza kukwama. Ukiona hivyo, ondoa watu kwanza, zuia maji yasiingie, halafu ita mtaalamu. Usizibe ufa kwa saruji na kupaka rangi. Mimi niliambiwa habari ya mlango wa sebule kukwama mwaka mzima kabla, nikatuma hela ya seremala.

Mwaka 2019 hatimaye nilipima. Mashimo mawili yalichorongwa. La upande wa juu lilikuta udongo mzuri wa mchanga na mfinyanzi mgumu. La upande wa chini lilipita kwenye jaza la mita 4 lenye mifuko ya plastiki, matofali na kipande cha sandali. Nusu ile ya nyumba tuliibomoa yote. Nusu ya pili imebaki, shimo la maji machafu limehamishiwa chini, mtaro umechimbwa juu, na mama anaishi katika vyumba viwili badala ya vitano. Geti bado lipo, zuri kweli.

Ripoti ile ina kurasa 14. Nimewapa nakala jirani wote wa bonde lile, na nyingine nimeipeleka ofisi ya mtaa. Waliipokea, wakaipiga muhuri, wakaiweka kabatini. Wiki chache baadaye mdogo wangu akanipigia kwamba kiwanja kinachofuata, upande uleule wa chini, kinajazwa kifusi na mtu anayetuma fedha kutoka nje. Kama mtu huyo ni wewe unayesoma, ndugu yangu, ripoti ipo. Iombe kabla ya masika.

Naomba kuwasilisha.